Ya Kwanza, au ya Pili?

Kazi yangu ni kuuliza.
Katika chumba chenye giza, nyuma ya stesheni ya Oulu,
nabadilisha lenzi mbele ya jicho la mtu:
Ya kwanza, au ya pili?
Nao hujibu. Dereva wa lori la magogo, mwalimu wa hesabu,
mtoto wa miaka sita asiyejua kufunga kamba za viatu:
Ya pili, anasema, mguu ukining'inia, ukicheza.
Kufumba na kufumbua, amekwisha chagua.

Jioni ni mimi huyo, Tuulikki, miaka arobaini na mitatu,
dukani, mbele ya siagi.
Yenye chumvi. Isiyo na chumvi.
Mlinzi ananifahamu, hanisalimu tena.
Mara ngapi nimerudi na mkate mtupu
nikaula nimesimama, koti sijavua.

Ya siagi ni mzaha. Ya nyumba si mzaha.
Mama aliniachia nyumba ya mbao kisiwani Hailuoto.
Niiuze? Nihamie?
Miaka minane nimelipia joto la vyumba visivyo na mtu
mabomba yasije yakapasuka kwa baridi.
Madalali wawili wamestaafu wakinisubiri.
Ilmari naye alisubiri.
Kisha akaacha.

Wako wanaosimulia habari za fisi
aliyepasuka msamba kwenye njia panda.
Fisi alizitaka njia zote mbili.
Mimi nilizikimbia zote mbili
nikiwa nimesimama palepale.

Mshauri, Veijo, ana chumba juu ya dobi;
sakafu ina joto, hewa inanuka sabuni.
Siku ya kwanza kulikuwa na viti viwili.
Nilisimama dakika kumi na moja.
Hakunionyesha kiti. Hakukohoa.
Nilimchukia kwa hilo hadi Pasaka.

Akanipa kazi ya nyumbani: chagua kitu kimoja kila siku
kabla birika halijachemka, na usikirudishe.
Wiki ya tatu nikarudisha glavu.
Za kijivu, nikachukua za bluu, nikarudisha za bluu.
Nikamweleza nikitazama soksi zangu.
Akauliza tu: Ulipochagua, nani alikuwa akikutazama?

Hakukuwa na mtu.
Alikuwako baba.
Niliteua skii nyekundu nikiwa na miaka tisa,
ikavunjika moja kabla ya Krismasi,
naye hakufoka. Alinyamaza
majira yote ya baridi, na huko kwetu baridi ni ndefu.

Siku nyingine, mvua ikigeuka theluji dirishani, akasema:
Mteja akikwambia zote sawa tu, unafanyaje?
Nikajibu upesi, maana hii ni kazi yangu:
Namwambia vizuri, tumefika.
Akiona hazitofautiani, basi tofauti ni ndogo,
hakuna ya kumpofusha. Naandika namba, naendelea na jicho la…

Nikanyamaza.
Chini, mashine za dobi zilikuwa zikizunguka.
Veijo alimimina kahawa, kikombe chake tu, wala sikumlaumu.

Sikupona siku ile. Asikudanganye mtu.
Majuto ni mjukuu, husema wenye kusema;
mimi nilimlea mjukuu
kabla sijamzaa mtoto.

Nyumba niliiuza Septemba,
kwa mke na mume wenye mapacha na mbwa asiyetulia.
Nililia kwenye kivuko, nikafuta pua kwa glavu.
Majuto yalikuja, kama tulivyotarajia.
Nikayasogezea kiti.
Hayakukaa sana.

Leo asubuhi mzee mmoja, macho yana ukungu,
aliuma mdomo mbele ya lenzi zangu.
Sijui, binti. Nikikosea je?
Nikaziondoa, nikaziweka tena, polepole.
Ukikosea utarudi, nikamwambia, mlango uko wazi hadi saa kumi na moja.
Ya kwanza, au ya pili?

Nyumbani jokofu lina siagi.
Ina chumvi.
Kusema kweli, imezidi kidogo.